Sifa za Kafi

Jahazi limesifiwa likatosheka. Limechorwa kwenye kuta za hoteli, limepigwa chapa kwenye leso, na kila mwaka hushindanishwa Lamu mbele ya wageni na kamera zao. Hata mtepe, uliokwisha kutoweka baharini, umetengenezewa mifano ya kuwekwa makumbusho. Mtumbwi wa mtoni haukupata mshairi wake. Ni gogo lililochimbwa, halina tanga, halina nakshi, halina jicho la kuchorwa omoni, na anayeuendesha haitwi nahodha. Abiria akishafika ng'ambo hupanda ukingo akenda zake, na aliyemvusha hubaki pale pale majini akingoja mwingine, kafi imelala magotini.

Ni hiyo kafi ninayotaka kuisema. Simaanishi kasia, lenye kishwara chake na pahali pake pa kuegemea ubavuni mwa chombo. Kafi haiegemei popote ila mikononi mwa mtu.

Vuli iliyopita tulishinda mtoni, kundi la walimu na jamaa zao kutoka Mombasa na Malindi. Tuliteremka kwa mitumbwi mitatu kutoka juu kidogo ya Kau hadi Kipini, pale Tana inapoingia baharini, kisha tukarudi. Kila mtumbwi ulikuwa na wapiga kafi wawili, mmoja omoni na mmoja tezini, na sisi katikati tumekaa chini, magoti juu, na mfuko wa mahamri baina yetu. Bei tulikuwa tumeivutavuta kwenye simu mpaka ikashuka, na aliyeishusha alipigiwa makofi. Mvua zilikuwa zimeshaanza huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, na maji yaliyotufikia yalikuwa mekundu, yamebeba udongo wa mashamba ya watu ambao hawajapata kuiona Kipini wala hawana haja nayo.

Mimi nilikaa nimeupa mto kisogo, nikitazamana na mzee wa tezini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanyamaza. Kwa hiyo nilipata muda mrefu wa kumtazama mikono.

Alikuwa akipiga upande wa kushoto. Mkono wa juu ulishika kichwa cha kafi, wa chini ulishika shingo yake, karibu kabisa na bapa. Kafi iliingia majini mbele ya goti lake, wima, wala tone halikuruka. Haikuvutwa kwa mkono. Mkono ulinyooka tu, na kilichovuta ni mgongo, nao ulisogea kidogo mno hata nikadhani mwanzoni kwamba hafanyi kazi. Ilipofika usawa wa nyonga, kifundo cha mkono wa juu kiligeuka, dole gumba likaelekea chini, na bapa likakaa sambamba na ubavu wa mtumbwi, likatulia hapo kwa kitambo cha pumzi moja. Omo ilikuwa imeanza kuvutika kwenda kulia. Katika pumzi hiyo ilirudi yenyewe katika njia yake. Kisha kafi ikatoka majini kwa makali, ikarudi mbele ikipita chini chini, karibu iguse maji, ikidondosha matone machache yaliyotia nukta kwenye uso wa mto. Nukta zile hazijafutika, nyingine zinatiwa.

Saa nzima hakubadilisha upande. Pale kafi ilipokuwa ikisugua ubavu, mti ulikuwa umelika umbo la nusu duara, ukang'aa kwa kuguswaguswa, na shingo ya kafi yenyewe ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya kiganja. Nimeona vijana katika vivuko vingine wakipiga mara tatu kulia, mara tatu kushoto, maji yakiwarukia abiria mapajani, na watu huwaita hodari kwa sababu wanatokwa na jasho. Mpiga kafi anayetokwa na jasho saa moja asubuhi bado ni mwanafunzi. Kipini wapo watakaokuonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo, bingwa wa upinde na wa mashairi, mtu wa nguvu zisizo kipimo. Nina hakika Liyongo angekuwa mpiga kafi mbovu.

Kwenye mzingo mmoja, penye kina, mzee aliacha kupiga. Aligonga ubavu wa mtumbwi mara tatu kwa mpini, akangoja, akagonga tena. Hatukuona kitu. Kisha, mbali, chini ya ukingo wa pili, masikio mawili yakaibuka, yakatikisika, yakafuatwa na macho. Mzee akatupitisha upande wa maji haba, karibu na matete, mahali ambapo sisi tungeona ndipo pa hatari. "Kina ni chake," alisema. Nayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alfajiri.

Ya pili yalimhusu mwenzetu, mwalimu wa michezo, aliyeinuka katikati ya mto ili ajipige picha, mikono ameitanua, boya la kuazima limemkaba shingoni. Mtumbwi ukalala upande. Mzee hakupiga kelele wala hakushtuka. Alilaza bapa la kafi juu ya maji upande uliokuwa ukizama, akalikandamiza, mtumbwi ukainuka. Ndipo akasema, kwa upole wa mtu anayemkaribisha mgeni ndani: "Mwalimu, keti chini, mwanangu. Humu mna wenyewe." Mwalimu alitazama maji, akakumbuka mamba, akaketi. Simu hakuitoa tena mpaka Kau.

Katika mtumbwi hakuna abiria kamili. Ukiegemea, umeegemea kwa niaba ya wote. Kopo la kukumbia maji hupewa aliye karibu nalo, na siku ile lilikuwa mbele ya mwalimu mkuu wetu, mtu aliyezoea kuletewa, naye alikumba maji tangu asubuhi mpaka jioni bila kuambiwa mara mbili. Nilimwona amechangamka kuliko nilivyopata kumwona kwenye mkutano wowote wa wazazi.

Mto wenyewe sitauchora sana. Mikindu ilikuwapo, na mivumo iliyosimama peke yake kwenye nyika ya mafuriko, na kima waliotutazama kutoka kwenye mitomondo. Mdiria walitutangulia kutoka kijiti hadi kijiti, na yangeyange walisimama kwenye tope kama kawaida yao. Kilichonikaa zaidi ni mitumbwi tuliyopishana nayo. Ulikuwa mwanzo wa msimu wa maembe. Mmoja ulikuja umejaa ngowe hata kingo zake zimebakiza vidole vichache kufikia maji, na mwanamke aliyekuwa tezini, mtoto mgongoni, alikuwa akiusukuma kwa pondo kandokando ya ukingo, ambako mkondo hauna nguvu. Hakuna aliyepita bila kusalimu. Anayepanda huulizwa habari za chini, anayeteremka huulizwa habari za juu, na habari yenyewe ni maji: yamefika wapi, yamekata wapi, gogo limelala wapi. Husemwa kafi ikiwa imesimama, na hukatika mitumbwi ikishaachana. Sisi tuliokaa katikati hatukuulizwa kitu. Hatukuwa na habari yoyote ya kumfaa mtu.

Wenyeji wa huko chini huuita mto huu Ozi, nao wana haki. Zamani Tana iliingia baharini kwingine, kusini zaidi, na Ozi ulikuwa mto mdogo wa pembeni wenye mlango wake Kipini. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya mpunga na mahindi kutoka bara ifike Kau bila kutoka baharini. Ulikuwa mfereji wa kutosha mitumbwi, basi. Lakini Tana iliujaribu, ikauona unafaa, ikaupanua, na hatimaye ikahamia humo na maji yake. Mto mrefu kuliko yote Kenya umekwenda baharini kwa njia iliyochimbwa kwa kipimo cha mtumbwi. Vitabu hutuambia zaidi juu ya Wajerumani waliotangaza ulinzi wao Witu mwaka 1885 na kuwaachia Waingereza mwaka 1890, katika mkataba ule ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Hao walikaa miaka mitano. Waliochimba Belezoni, na waliopita humo usiku na mpunga wao, hawana hata ubao wa kumbukumbu.

Lakini mto huu si mgeni kwa Mkenya yeyote. Wimbo wa Taifa, tulioupata mwaka 1963, ulitungwa kwa sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kila Jumatatu asubuhi wanafunzi wangu husimama wima na kuimba sauti iliyotoka kwenye kingo za Tana, na nikiwauliza Tana iko wapi wananiambia ni mabwawa ya umeme. Siwalaumu. Mtaala wanaofundishwa ndio uliowafundisha hivyo, na mmoja wa wanaowafundisha ni mimi.

Bibi yangu mzaa mama alilima mpunga ng'ambo ya mto, juu ya Garsen. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa kutosha watu wawili na kapu, na huo alimwazima yeyote aliyeuomba. Jirani, fundi, mwalimu wa madrasa, hata watoto tuliotaka kwenda kuchuma zambarau. Kafi hakuazima. Ilikaa nyuma ya mlango pamoja na mchi na ungo, na aliyeazima mtumbwi alijua aje na kafi yake. Ilikuwa imechongwa kwa kimo chake, ikisimamishwa inamfika kidevuni, na alikuwa akisema kafi ya mtu mwingine humfundisha mkono tabia mbaya. Alikuwa mwanamke mfupi. Akiichukua mtu mzima mwingine ilikuwa kama kijiko. Sisi wajukuu ilitutosha, ndiyo maana tulijifunza kwake, na ndiyo maana tulipokua hakuna aliyeirithi.

Vuli ya mwaka 1997 mvua za El Niño zilipokuja, mto ulitoka ukaja mpaka barazani. Barabara ya Garsen ikakatika. Mtumbwi ukafungwa kwenye nguzo ya nyumba, mahali alipokuwa akifungwa mbuzi, na kwa majuma mengi ukawa ndio kila kitu: ulikwenda sokoni, ulikwenda shamba kuokoa kilichobaki, ulibeba maiti. Usiku mmoja jirani alishikwa na uchungu. Mumewe alikuwa amekwamia upande wa pili. Bibi alichukua kafi nyuma ya mlango, akamlaza yule dada kwenye mkeka ndani ya mtumbwi, akaniweka omoni na kurunzi, tukaenda kumtafuta mkunga aliyekuwa kwenye kilima na watu wengine waliohama.

Tulikwenda juu ya mashamba. Nilikuwa nikimulika mbele, nikijiona na kazi kubwa, mpaka bibi aliponiambia nizime. Taa ilikuwa ikimpofusha. Tukaendelea gizani, na kila baada ya mapigo machache aliinua kafi, akaacha mtumbwi uteleze, akasikiliza. Maji yanayopita katikati ya mahindi yaliyosimama yana sauti yake, nyembamba na ya kukwaruza. Yanayopita juu ya ukingo wa zamani hunguruma. Yaliyo wazi hayasemi kitu. Alikuwa akifuata yasiyosema kitu. Nilielewa usiku ule kwa nini aliwagombeza sana wajukuu waliopigapiga maji. Kafi yenye kelele humziba mtu masikio. Kutoka tezini alinielekeza mara mbili tu niinamishe kichwa kwa ajili ya tawi, na mara zote mbili tawi lilikuwapo. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, kilimani, salama. Sasa ni mwanamume anayeendesha bodaboda Garsen, na akipita karibu nawe utamsikia tangu mtaa wa nyuma.

Kau tuliegesha kwa sababu mpiga kafi wa omoni alikuwa na ujumbe wa fundi. Mji wenyewe uliokuwa bandari ya Witu sasa ni makuti, minazi na ukimya. Fundi alikuwa chini ya kibanda, ndani ya gogo la mwembe, ameinama na tezo. Nje lilikuwa limekwisha pata umbo; tumbo lilikuwa nusu. Kila pigo lilitoa kibanzi chembamba kilichojikunja na kuanguka miguuni pake, na vibanzi vyote vilikuwa na unene mmoja. Nilivikusanya vichache nikavilinganisha, kwa kutoamini.

Kisha akaweka tezo chini akaanza kubisha ubavu kwa kifundo cha kidole. Alibisha chini, akapanda, akasogea nusu hatua, akabisha tena, mkono wa pili ameuweka upande wa nje. Nilimwuliza anasikiliza nini. Unene, alisema: chini vidole vitatu, kwa sababu mtumbwi utaburutwa kwenye tope na changarawe, kwenye ubavu kidole kimoja na nusu, ukizidi hapo utakuwa mzito, ukipungua jua litaupasua. Nilitega sikio. Kwangu kila pahali palilia sauti moja. Alinishika mkono akaniweka kidole mahali pawili, shubiri moja baina yake, akabisha. Ndipo nikasikia, na haikuwa sikioni. Ilikuwa kwenye ncha ya kidole, pamoja palitetemeka, pengine palikaa kimya. "Hapa bado nyama," alisema, akaichukua tezo.

Mwembe si mti aliouchagua. Zamani walichonga kwa miti ya msituni, minene na migumu, na mtumbwi mmoja ulimtumikia baba ukamtumikia mwana. Miti hiyo imekwisha au ina wenyewe serikalini, kwa hiyo siku hizi hungojwa mwembe uzeeke, uache kuzaa. Hata huo una wachumba. Mchoma makaa hulipa siku ile ile, na mwenye msumeno wa mashine huupasua mbao kabla ya adhuhuri. Fundi wa mitumbwi hutaka gogo zima lililonyooka na hulipa mtumbwi ukishauzwa. Aliyekuwa akimsaidia kugeuza gogo ni mtoto wa dada yake, aliyekuja likizo. Nilipouliza kama anajifunza, kijana alicheka kwa adabu. Anasomea kutengeneza boti za faiba.

Sina ugomvi na faiba. Haipasuki kwa jua, haiozi, haiombi mti wa mtu. Ila boti ya faiba hutoka kwenye kalibu, na ya mia ni sawa na ya kwanza, hali mtumbwi ule wa Kau ulikuwa na tumbo lililopinda kidogo kushoto kwa sababu mwembe wenyewe ulikua ukiutafuta mwanga upande huo, na fundi alikuwa ameuacha upinde huo makusudi. Mwenye kuununua alimjua. Alimjua kuwa hupiga kafi kulia.

Kipini tulifika kabla ya adhuhuri, maji yakiwa yanamaliza kupwa. Tulikula wali wa nazi na samaki, tukaoga kisimani, tukawa tayari kurudi saa saba. Wapiga kafi walikuwa wamelala chini ya mkungu. Bado, walisema. Tulikaa. Kuna walioanza kutazama saa, na mmoja akakumbusha kwamba siku ile ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na kwamba alikuwa ameomba ruhusa. Sisi tulikuwa tumeomba Jumamosi. Mzee, kwenye simu, hakujibu Jumamosi wala Jumapili. Aliuliza mwezi ngapi, na hakuna aliyejua, ikabidi mratibu wetu amwulize mama yake. Mwezi kumi na sita ndio aliotupa. Bamvua, basi: maji hujaa alfajiri, hupwa kabla ya adhuhuri, hujaa tena alasiri. Tulikuwa tumebebwa kuteremka na maji yanayotoka, na sasa tulikuwa tukingojea bahari igeuke itusukume kupanda. Siku nzima tulikuwa tukienda na maji, kwenda na kurudi, na kafi ilikuwa ikifanya kazi ya kuelekeza zaidi ya kuvuta. Mwalimu wetu wa hisabati aliinama akachora mchangani, akafuta, akachora tena, kisha akaenda kukaa karibu na mzee chini ya mti bila kusema neno.

Maji yalipogeuka, mzee alichovya kidole akakiramba. Nilidhani ni mazoea. Tulipopanda alifanya hivyo tena, na tena, mpaka tulipokuwa karibu na mashamba ya kijiji cha Ozi, akatema. "Bado chumvi."

Wakulima wa Ozi walikuwa na ufundi wao ambao ni ndugu wa huu. Bahari inapojaa husukuma maji ya mto kurudi nyuma, na maji hayo, yakiwa matamu, yalipanda yenyewe kwenye mifereji na kunywesha mpunga. Hakuna pampu, hakuna mafuta, ila kujua mwezi na kufungua tuta kwa wakati wake. Ufundi huo unataka mto wenye nguvu za kuizuia bahari mlangoni. Nao mto umefungwa huko juu: Kindaruma 1968, kisha Kamburu, kisha Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji mengine huchukuliwa kabla ya kufika huko, maana sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwenye vijito vya Tana. Mafuriko yaliyozoeleka yamepungua, tope la rutuba hubaki nyuma ya kuta za mabwawa, na chumvi hupanda mpaka mashambani. Taa ninayoandikia inawaka kwa maji hayo. Nalijua hilo, na mzee analijua. Alinitajia mabwawa yale kwa majina, moja moja, bila hasira, kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu, wakati mimi niliyasoma kutoka juu kwenda chini.

Juu ya Ozi kidogo boti ya mashine ilitupita. Mwenye nayo hakupunguza mwendo, pengine hakutuona, tumekaa chini mno. Mzee aliigeuza omo kulikabili wimbi kabla hatujalisikia, mitumbwi mingine miwili ikafanya vivyo hivyo, tukapanda na kushuka, mwalimu mkuu akakumba maji. Moshi wa petroli ulikaa juu ya mto kwa muda. Mdiria walikuwa wameruka. Mtu wa boti alikuwa anatoka wapi, maji ya huko yakoje, gogo limelala wapi: hakuuliza wala hakuulizwa.

Kundi letu linakwenda tena mwaka huu, limeshaamua. Tulishauriana kwenye simu, na wengi wameona tuchukue boti ya mashine, tuende Jumamosi, turudi mapema. Mwenye boti ametaja bei. Petroli peke yake inazidi yale tuliyowalipa wapiga kafi wote sita, na safari hii hakuna aliyeomba apunguze.